Hedi ya Mtumba na Sifa za Upepo

Anayenadi hedi ya mtumba hupenda kusifu upepo: eti inavuta vizuri, matundu yake mapana. Kwa hedi ya gari, hoja hiyo ina uzito. Kwa mashine ya boti inayotoka Mbita kwenda Sena, kisiwani Mfangano, aghalabu ni porojo. Mashine kama Yamaha Enduro ya nguvu farasi 15 au 40 ni za mipigo miwili, zile ambazo petroli yake huchanganywa na oili. Hewa huingia kwa kabureta, ikapita kwenye vilimi vyembamba, ikajaa chumba cha kranki, ndipo ikapandia matundu yaliyo ukutani mwa silinda. Hedi haina vali hata moja. Ni kifuniko, na kifuniko huulizwa kama kinaziba.

Adui wa kuziba ni joto. Magugu maji yakifunika mlango wa maji, au raba ya pampu ikilika kwa mchanga wa ufukweni, alumini hupinda mara moja. Basi laza rula ya chuma juu ya uso wa hedi, kwa urefu na kona kwa kona, ujaribu kupenyeza karatasi ya daftari. Ikipita, mpindo unakaribia milimita 0.1, na wengi wa watengenezaji huishia hapo. Kisha tazama tumbo lake. Vishimo kama makovu ya ndui vinasema injini ilikuwa ikigonga. Vibonyeo na mikwaruzo, kwamba kipande cha pete ya pistoni kiliwahi kurandaranda humo. Ukikuta unga mweupe uliokula njia za maji, huenda hedi hiyo ilifanya kazi baharini kabla ya kuletwa ziwani.

Utaambiwa fundi ataisaga inyooke. Itanyooka, lakini kila usagaji hupunguza chumba cha mlipuko na kuongeza mgandamizo, na pistoni iliyotoboka katikati ya ziwa ni ghali kuliko hedi mpya. Wengine watasema mashine za mipigo minne zimeingia, nazo zina vali. Kweli, na hapo upepo una maana. Ila kupanua matundu huku vali zinavuja ni kazi bure. Funga vali, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la hewa, kisha ugeuze macho upande wa tumbo: vali isiyokaa sawa itaanza kutokwa jasho.