Bogenvilia: mbona inachanua wakati nyasi zimekauka?

Pita mitaa ya Shangani au Mikindani mwezi wa saba, kusi likivuma. Nyasi zimeshakauka, lakini bogenvilia ukutani imewaka: zambarau, nyekundu, rangi ya chungwa. Mvua za Mtwara ziliisha tangu Aprili au Mei. Sasa mmea huu unapata wapi nguvu ya kujipamba?

Kwanza chuma "ua" moja ulitazame kwa karibu. Yale matatu yenye rangi ni majani, ila yamebadilishiwa kazi: yanawaita wadudu. Maua yenyewe ni vile vijibomba vyembamba vya katikati, vyenye ncha nyeupe.

Bogenvilia asili yake ni Amerika Kusini. Msafara wa Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville uliikuta Brazil mwaka 1767, ndipo ikapewa jina lake. Maji yakipungua kiasi, mmea huu huacha kurefusha matawi na kuelekeza chakula chake kwenye maua. Siku fupi nazo husaidia, na mwezi Juni mchana wa Mtwara ni takriban saa 11 na nusu tu.

Kwa hiyo ukiimwagia ndoo nzima kila jioni, ukaongeza na samadi ya kutosha, utapata majani mabichi tele na maua ya kuhesabu. Maji yameenda bure! Kama mmea umeshashika mizizi, subiri udongo ukauke, kisha mwagilia vizuri mara moja. Mche mchanga usiutese, huo bado unahitaji maji.

Na mapambo je? Asumini ya kikuba hunyauka kesho yake tu. Majani ya rangi ya bogenvilia ni membamba kama karatasi na yana maji kidogo, ndiyo maana hukauka bila kuoza. Yapange katikati ya gazeti, weka kitabu kizito juu, yaache wiki moja hivi. Usiyaanike juani: rangi yake ni betalaini, jamii ileile ya rangi ya bitiruti, na jua kali huipausha. Yakishakauka, yagundishe kwenye kadi. Ukitaka shada, yatunge kwa sindano na uzi yakiwa bado mabichi, maana makavu huvunjika, halafu litundike kivulini. Angalia miiba tu unapochuma.

Na ile ndoo ya jioni? Upelekee mchicha, wenyewe hauna mzaha na kiu.