Kazi ya bawabu Guangzhou haiwi ya mgeni, hata akilipa ada ya mafunzo

Ilikuwa saa nne usiku kwa saa za Guangzhou, mie ndo kwanza navua viatu baada ya kutwa nzima ya kuzunguka majengo ya nguo za jumla ya Guangyuan Xilu, simu ikalia. Mtoto wa ndugu yangu, kutoka Tanga.

"Shikamoo ami. Nimepata kazi China, huko huko uliko!"

Kazi yenyewe ni sikyuriti, kulinda mlango wa jengo la maduka. Dalali kamwambia atasoma wiki mbili, kisha atavaa sare na kuanza mshahara. Ataingia kwa viza ya biashara, "nyingine zitafuata". Kilichobaki ni ada ya mafunzo tu, na babake alishakopa pesa zote. Nikamwambia asitume hata senti mpaka nimuulize mwenye kazi hiyo.

Asubuhi nikaenda na mama mmoja wa Kichina ninayenunua kwake abaya na suruali za watoto, akanitafsiria. Bawabu wa jengo lao ni kijana wa Hunan, amekuja mjini kutafuta riziki kama wengi wenzake. Alipoelewa ninachouliza alicheka kwanza. Halafu akatoa kitambulisho chake cha ulinzi, akagonga kidole kwenye picha yake, akasema neno moja. Mama akatafsiri: "Mchina."

Ndivyo sheria ilivyo. Kanuni za huduma za ulinzi za China, zilizoanza kutumika Januari 1, 2010, zinataka mlinzi awe raia wa China, ametimiza miaka 18, mwenye afya na tabia njema, na amemaliza angalau sekondari ya chini. Anafanyiwa mtihani na polisi, anachukuliwa alama za vidole, ndipo anapewa kitambulisho. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la kukusudia hapewi. Kwa hiyo dalali anaweza kumweka kijana wako darasani hata mwaka mzima, kitambulisho hakipati. Na mgeni akikamatwa anafanya kazi bila kibali, faini ni yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa anawekwa ndani siku 5 hadi 15.

Kanuni hizo hizo zingenifaa mie mwenyewe mwaka juzi. Toroli langu lilikwaruza mlango wa lifti kwenye jengo moja, bawabu akachukua pasipoti yangu akakaa nayo karibu saa nzima mpaka nimelipa. Nilinyamaza, nikidhani ana haki. Kumbe hana. Mlinzi anaruhusiwa kukagua vitambulisho vya wanaoingia na kutoka, na kuandikisha magari na mizigo. Kumpekua mtu mwilini, kumzuia asiondoke, kushika hati zake au kumdai deni kwa vitisho, yote hayo amekatazwa. Polisi ni habari nyingine: mgeni wa miaka 16 na zaidi lazima atembee na pasipoti, na wakiitaka unaitoa. Msiiache hotelini. Wenyeji wa barabara hii hawajasahau Julai 2009, Mnaigeria mmoja alipojirusha dirishani akikimbia ukaguzi wa viza, akaumia vibaya, na Waafrika wenzake wakajaa mbele ya kituo cha polisi.

Nilimpigia kijana nikamweleza. Akasema, "Ami, sema tu hutaki nije." Wallahi iliniuma, maana sie tulioko Maskati ndio tunaowaonyesha picha za Guangzhou na mizigo, hatuwaonyeshi miguu iliyovimba.

Nikamwambia kama anataka ulinzi kweli, aulizie Dubai. Huko walinzi wako chini ya SIRA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2016. Mgeni anakubaliwa, lakini anasoma, anafanya mtihani, ndipo anapata kadi ya kazi. Kingereza kinamsaidia, na mafunzo ya JKT, kama anayo, yanapendeza kwenye maombi. Na sheria ya kazi ya Emarati ya mwaka 2021 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Akidaiwa pesa ili apate kazi, huyo naye amwache. Kabla ya kusaini chochote apite TaESA, wakala wa ajira wa serikali, awaonyeshe karatasi.

Dalali alipoulizwa jina la jengo na jina la kampuni, alijibu kwamba hayo kijana atayajua akifika. Siku ya pili simu yake ikawa haipatikani.

Mkopo ulirudi kwa mwenyewe Jumatano, pesa zote. Kijana bado kaninunia. Meseji zangu anazisoma, hajibu.