Friji inayonguruma si lazima iwe nzima: Kihisi-joto kibovu huharibu dawa na chakula

MAMA yangu ni mgonjwa wa kisukari na kwa miaka kadhaa amekuwa akijidunga insulini. Kuna wakati sukari yake ilianza kupanda bila sababu yoyote tuliyoiona. Chakula chake kilikuwa kile kile, sindano hakuruka hata moja, lakini kila asubuhi kijimashine cha kupimia damu kilitoa namba za kututia hofu. Kiu ilimzidi, na usiku akawa anaamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Nasikitika kusema kwamba tulimlaumu. Tulidhani anakula mandazi kwa jirani kisiri.

Tulipofika kliniki, daktari hakuanza na habari za chakula. Aliuliza, "Mama, hii dawa mnaiweka wapi nyumbani?"

"Ndani ya friji, daktari, kama mlivyoniagiza."

"Sehemu gani ya friji?"

Mama alieleza kuwa ni rafu ya juu, nyuma kabisa, mahali ambapo mikono ya wajukuu haifiki. Daktari alimpa chupa mpya na kutuambia twende tukatazame kama huko nyuma hakuna kitu kinachoganda. Tulikuta nyanya zimekuwa kama mawe, maziwa ya mgando yana barafu ndani, na chupa ya insulini imeegemea ukuta uliofunikwa na theluji nyembamba. Friji yenyewe ilikuwa ikinguruma vizuri, taa inawaka, na sote tulikuwa tukiisifu kwa ubaridi wake. Kosa lilikuwa kwenye kifaa kidogo kuliko kidole cha mtoto, ambacho baadaye nilikibadilisha mwenyewe.

Baridi kali ni adui

Insulini ambayo haijaanza kutumiwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikiganda huharibika, na kuiyeyusha hakuirudishii nguvu zake. Ubaya ni kwamba ile iliyo angavu yaweza kuganda usiku, ikayeyuka mchana, na ukiitazama ukaona maji safi kama kawaida. Ile ya rangi ya maziwa mara nyingine huonyesha vipande vidogo vidogo au utando kwenye kuta za chupa, lakini mgonjwa asingoje kuona dalili hizo. Ukijua chupa imeganda, usiitumie tena, na usijaribu kufidia kwa kuongeza kipimo cha sindano. Irudishe kliniki upewe nyingine.

Wengi wetu tumezoea kuogopa joto peke yake. Kumbe chupa iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa muda wa majuma manne hivi, mahali penye kivuli pasipozidi nyuzi 25 au 30, kulingana na maagizo ya watengenezaji. Mwaka wa 2021 watafiti wa shirika la Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofuata viwango vya joto vilivyopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab. Walipata kwamba insulini iliyokaa majuma manne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilikuwa ingali na nguvu zake. Simwambii msomaji aache maagizo ya kliniki yake. Nasema tu kwamba chupa inayotumiwa yaweza kuwa salama zaidi ndani ya chungu chenye ubaridi kuliko ikiegemezwa ukuta wa friji inayogandisha.

Kosa likielekea upande wa pili, friji ikawa na joto, anayeumia ni kila mtu anayekula jikoni humo. Viini vingi vinavyoharibu chakula huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na 60. Nyama, samaki, wali wa jana na maziwa aliyokamua mama kabla ya kwenda kazini vyote huhitaji ubaridi usiozidi nyuzi 5. Nawajua watu wanaosema, "Nitakichemsha vizuri." Baadhi ya viini huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki hata sufuria ikitokota.

Kipimo cha gilasi

Mkono hauwezi kukuambia kama friji ina nyuzi 1 au 7. Nunua kipimajoto, ukitie ndani ya gilasi ya maji, uiweke rafu ya katikati jioni na uisome asubuhi kabla ya watu kuanza kufungua mlango. Maji hayabadiliki upesi kama hewa, kwa hivyo utakachosoma kinakaribia hali halisi ya dawa na chakula. Ukipata kati ya nyuzi 3 na 5 huna shida. Chini ya 2, ondoa insulini mara moja. Zaidi ya 5 kila siku, chakula kimo hatarini.

Kabla ya kulaumu kihisi-joto, ondoa sababu rahisi. Huenda mtoto amezungusha kitufe cha ubaridi. Huenda mpira wa mlango umechoka: bana noti ya shilingi mia mlangoni, na ikitoka bila kuvutwa, mpira haufungi. Angalia pia kama sufuria imeziba matundu ya hewa, au kama vumbi limejaa nyuma.

Kihisi-joto, ambacho mafundi wetu hukiita sensa, ni ushanga mdogo ndani ya kifuniko cha plastiki au chuma, wenye nyaya mbili. Kazi yake ni moja. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo kinavyozidi kuuzuia umeme kupita, na bodi ya friji husoma ukinzani huo ili iamue kama kompresa iwake au ipumzike. Unyevu ukipenya ndani ya ushanga, umeme hupata njia ya mkato. Bodi huamini kuwa ndani mna joto, nayo kompresa haipumziki. Waya ukikatika, bodi hudhani kuna baridi kuu na kompresa yaweza kukataa kuwaka, ingawa friji nyingi za kisasa hutambua hitilafu hiyo na kuonyesha alama mlangoni.

Haya yote yanahusu friji zenye bodi ya elektroniki. Zile za zamani zenye kitufe cha kuzungusha mara nyingi hutumia kidhibiti chenye mrija mwembamba wa chuma uliojazwa gesi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Pia friji isiyotengeneza barafu kwa kawaida huwa na kihisi cha pili karibu na mabomba ya kugandisha. Kikiharibika hicho, barafu hujaa nyuma ya ukuta na sehemu ya chini huwa vuguvugu huku juu kukiwa bado kunagandisha.

Kazi yenyewe

Nilianza kwa kuchomoa plagi ukutani, maana kuzima swichi peke yake hakutoshi. Chakula kilikwenda kwenye sanduku la kuhifadhi baridi, na ile chupa mpya ya mama ikahifadhiwa kwa jirani. Nikaacha milango wazi barafu iyeyuke yenyewe. Hapa naomba nisikilizwe: usikwangue barafu kwa kisu. Mabomba yaliyo nyuma ya ukuta ni laini, na friji nyingi za siku hizi hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo hushika moto. Tazama kibandiko kilicho nyuma au ubavuni. Ikiwa imeandikwa hivyo, mshumaa, jiko au chuma cha kulehemu visikaribie.

Kihisi chetu kilikuwa ndani ya kisanduku kidogo chenye matundu kwenye ukuta wa ndani. Nilifunga bisibisi bapa kwa kitambaa ili nisikwaruze plastiki, nikakifungua polepole, nikapiga picha ya nyaya kwa simu. Kwenye baadhi ya friji nyaya huishia kwenye kiunganishi unachochomoa tu. Chetu kilikuwa kimeungwa moja kwa moja, hivyo nikakata nyaya karibu na kihisi na kuacha sehemu ndefu upande wa friji. Ukikosea mara ya kwanza, ule urefu ndio utakaokuokoa.

Usinunue kipya kabla ya kupima cha zamani. Unahitaji mita ya kawaida ya umeme, ile inayopima omu. Vihisi vingi vya friji husoma kilo-omu 5 au 10 kwenye joto la nyuzi 25, na vikitumbukizwa kwa dakika chache ndani ya gilasi ya maji yenye barafu iliyopondwa hupanda mara tatu hivi. Chenye 10 hufika karibu 30. Chetu kilipaswa kusoma 10 chumbani lakini kilisoma 6, na ndani ya maji ya barafu kilifika 10 tu. Msomaji ataona maana yake: friji ilipokuwa imefika sifuri, bodi ilikuwa ikiambiwa kuna nyuzi 25. Kompresa ingepumzika vipi?

Nilibeba cha zamani na namba ya friji iliyo kwenye kibandiko hadi barabara ya Luthuli, Nairobi, ambako maduka ya elektroniki yamebanana. Bei ilikuwa shilingi mia chache, pungufu sana kuliko ya dawa iliyoharibika. Muuzaji mmoja alinishawishi nichukue cha aina nyingine akisema vyote ni sawa. Si kweli. Ukiweka cha kilo-omu 10 mahali pa cha 5, bodi itadhani daima kuna baridi na friji haitapoza.

Kuunga ni rahisi kwa kuwa waya yoyote kati ya mbili yaweza kwenda upande wowote. Kinachowashinda wengi ni unyevu. Tepu peke yake haitoshi, kwani baada ya miezi michache maji huingia na ugonjwa ule ule hurudi. Tumia viunganishi vidogo vyenye grisi ndani, au mpira unaonywea kwa joto, na uufanyie kazi hiyo mbali na friji kama gesi ni ile ya kushika moto, kisha uzibe miisho kwa silikoni. Viungo viwili visikae sambamba. Kihisi kirudi pale pale kilipokuwa, kwa maana ukikisogeza karibu na mlango kitaanza kusema uongo wa aina nyingine.

Iwapo kihisi ni kizima na friji bado inakosea, shida huenda iko kwenye bodi au gesi. Mwite fundi. Nyuma ya kifuniko cha bodi kuna umeme wa volti 240, na vifaa vingine huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Friji ambayo bado iko chini ya dhamana pia usiifungue. Nayo friji ya chanjo katika zahanati isiguswe kamwe na mtu wa nyumbani, hata awe hodari namna gani. Wauguzi huandika joto lake mara mbili kila siku, kwa kuwa chanjo kama ile ya homa ya ini aina ya B huharibika ikiganda, sawa na insulini.

Baada ya kuwasha friji nilingoja siku mbili nzima kabla ya kurudisha dawa, huku gilasi na kipimajoto vikiwa ndani. Asubuhi ya kwanza kilisoma 6, ya pili 4, na hapo kikatulia. Insulini sasa hukaa rafu ya katikati, ndani ya kisanduku cha plastiki chenye mfuniko, mbali na ukuta wa nyuma. Gilasi iko kando yake na mama huisoma kila alfajiri kabla ya sindano.

Sukari yake ilishuka siku chache baada ya kuanza chupa mpya. Alichodai kutoka kwetu ni kuombwa radhi juu ya yale mandazi, na tulimwomba sote, mmoja mmoja.