Fizi: Uchovu wa wanariadha, mubirizi peke yake hautoshi

Lulimba, wilayani Fizi, kijana hahitaji kuvaa jezi ili mwili wake ufanye kazi ya mwanariadha. Kuna wanaobeba mizigo kwenye barabara ya Misisi, kuna wanaoshinda kwenye mashimo ya dhahabu, na jioni vijana hao hao wanaingia uwanjani. Kisha asubuhi moja miguu inakuwa mizito, usingizi haupatikani, na mwendo uliokuwa rahisi mwezi uliopita unawashinda.

Dawa ya kwanza ni ile ya nyumbani: majani machungu ya mubirizi, au tangawizi ndani ya chai. Uganda wanatafuna mizizi ya mulondo, ambayo magharibi mwa Kenya inaitwa mukombero, wakiamini inaleta nguvu. Wakimbiaji wa Ulaya na Marekani nao wana ginseng na ashwagandha.

Tangawizi ina ushahidi kidogo. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwapa watu gramu 2 kila siku kwa siku 11, na maumivu ya misuli baada ya mazoezi makali yakapungua kwa karibu robo. Kuhusu mulondo, majaribio mengi yamefanyiwa panya.

Lakini maumivu ya misuli ni jambo moja, na mwili uliozidiwa na mazoezi ni jambo lingine. Mwaka 2013, vyama vya wataalamu wa michezo vya Ulaya na Marekani vilitoa msimamo wa pamoja kuhusu hali hiyo. Tiba wanayoitegemea ni kupumzika, wiki kadhaa na mara nyingine miezi. Kabla ya kumwambia mtu kwamba amezidiwa na mazoezi, lazima kwanza magonjwa mengine yaondolewe kwenye orodha.

Hapo ndipo hatari ya Lulimba ilipo. Katika zone ya afya ya Kimbi-Lulenge malaria ni ugonjwa wa kila siku, na dalili zake za mwanzo zinafanana sana na za mkimbiaji aliyechoka: mwili kuuma, kichwa, kukosa hamu ya kula. Malaria inavunja chembe nyekundu za damu, na mwenye damu kidogo hawezi kukimbia hata akinywa ndoo nzima ya mubirizi. Kipimo cha TDR kinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Siku tatu za kungojea majani yafanye kazi ni nyingi mno kwa malaria. Hata artemisia, ambayo kutoka kwake kunatengenezwa dawa za malaria, Shirika la Afya Duniani halikubali inywewe kama chai badala ya vidonge.

Kuna pia kanuni za mashindano. Makorobondo Salukombo, mtoto wa Kirotshe, Kivu ya Kaskazini, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akivaa rangi za Kongo, na anayefika huko anaweza kupimwa mkojo. Mmea nao unaweza kuwa na kitu kilichokatazwa. Thomas Hicks, Mmarekani, alishinda marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1904 akiwa amepewa njiani strikinini, sumu inayotoka kwenye mbegu za mti. Alifika akishikiliwa na watu, nusura afe. Leo strikinini iko kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa.

Kinachojenga damu kinapatikana sokoni: ndagala, maharagi, nyama siku inapopatikana, na limau kidogo ili mwili uchukue madini ya chuma vizuri. Wasichana wanaokimbia wanayahitaji zaidi, kwa sababu ya damu ya kila mwezi. Chai ya tangawizi si mbaya, ila majani ya chai yanazuia madini hayo, kwa hiyo inyweke saa moja au mbili baada ya chakula.