Utangulizi: Mzigo Inaoutaka Valvu

Transista zimeshika karibu kila kona ya elektroniki, lakini amplifaya za valvu bado zina wapenzi, hasa miongoni mwa watu wa radio za ridhaa. Anayeingia katika fani hii hukutana mapema na vishikizo viwili vya kuzungusha mbele ya mtambo: kimoja cha kuoanisha masafa, kingine cha mzigo. Vitabu vya mafundi humwelekeza namna ya kuvizungusha. Kurasa zinazofuata zinashughulika zaidi na sababu.

Tuanze na hesabu. Chukua 3-500Z, triodi maarufu kwa kazi hii. Ipe volti 2,500 kwenye anodi, iache ivute ampea 0.4, umeme unaoingia ni wati 1,000. Kwa daraja la AB, kanuni ya haraka ni kugawa volti hizo kwa mkondo uliozidishwa mara 1.5. Jibu ni omu 4,200 hivi, na huo ndio mzigo valvu inaoutaka. Waya wa antena, kwa upande wake, ni wa omu 50. Ukiviunganisha bila kitu katikati, mkondo ukabaki ule ule, antena itapata wati 7 hivi badala ya zile 600 hivi ambazo valvu ingetoa kwenye mzigo wake. Karibu zote zilizobaki zitakuwa joto kwenye anodi iliyoundwa kuhimili wati 500.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotoka. Wamefundishwa, na si uongo, kwamba chanzo hutoa nguvu nyingi kabisa pale ukinzani wake wa ndani unapolingana na ule wa mzigo. Basi hudhani zile omu 4,200 ni ukinzani wa ndani wa valvu. Sivyo. Zimechaguliwa ili volti ya anodi ipande na kushuka kwa upana mkubwa iwezekanavyo, ikifika chini ibaki volti 250 hivi. Ikishuka zaidi ya hapo, gridi, ule wavu wa ndani ya valvu unaodhibiti mkondo, huanza kunyakua elektroni zilizokuwa zikienda anodi. Asiyelishika hili atazungusha vishikizo maisha yake yote kwa kubahatisha.

Kazi ya kuzigeuza omu 50 zionekane 4,200 hufanywa na saketi ya pai: koili moja na kapasita mbili, moja upande wa valvu, nyingine upande wa antena. Arthur Collins, mwanzilishi wa Collins Radio huko Iowa, Marekani, aliieleza kwa wasomaji wa jarida la QST mwaka 1934. Saketi hiyo pia huchuja mawimbi ya ziada, yale ya masafa mara mbili au mara tatu, ambayo yangemharibia jirani televisheni yake.

Vile vishikizo viwili huzungusha kapasita hizi mbili. Kapasita ya upande wa valvu huleta resonansi. Ukiipata, mkondo wa anodi hushuka ghafla kwenye mita. Wazee waliutegemea mshuko huo. Mimi naupa imani kiasi, kwa sababu katika daraja la AB nguvu ya juu kabisa mara nyingi haipatikani pale pale penye mshuko. Kapasita ya upande wa antena ndiyo inayoamua uzito wa mzigo: ukiipunguza, mzigo huwa mzito. Kila ukiigusa, resonansi husogea kidogo, kwa hiyo unairudia ile ya kwanza, kwa zamu, hadi wati zigome kupanda.

Mita ya kusoma kwa makini kuliko zote ni ya gridi. Mkondo wake ukipanda kupita kiasi, mzigo ni mwepesi mno. Ukiwa mdogo mno huku anodi inavuta sana na wati hazionekani, mzigo umezidi uzito. Kwenye tetrodi, valvu yenye gridi mbili, gridi ya pili hutoa taarifa hiyo hiyo, tena mapema zaidi.

Fanya marekebisho kwa vipindi vifupi, na uanze na nguvu ndogo. Kabla ya kufungua kifuniko, chomoa plagi, subiri kapasita za umeme mkubwa ziishiwe chaji, kisha zipitishie kwenye ardhi kwa fimbo yenye mpini usiopitisha umeme. Volti 2,500 zinaua.