Kinu Kabla ya Katazo: Chakula cha Aliyetolewa Utumbo Nje (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini daktari wa upasuaji hulazimika kuutoa utumbo nje na kuufungulia mdomo kwenye ngozi ya tumbo, ili choo kipitie pale na kuingia mfukoni. Tuliona pia kwamba huku kwetu Maniema, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, yanayomfikisha mtu hapo mara nyingi ni risasi, utumbo uliojisokota, uzazi uliokwama ukachana hadi njia ya haja kubwa, au tifoide iliyotoboa utumbo. Kuhusu tifoide inatosha kukumbuka Kinshasa: kati ya miezi ya mwisho ya 2004 na mapema Januari 2005 walihesabiwa wagonjwa 42,564, na 696 kati yao walitoboka utumbo au walipata uambukizo wa tumbo zima. Leo tunamfuata mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani, ameketi mbele ya sahani, na anaogopa kula.

Woga huo una chanzo. Vitabu vya uuguzi vina orodha za vyakula vinavyoweza kuziba mdomo wa utumbo: mahindi, uyoga, karanga, nazi, nanasi, maganda ya maharagwe, majani yenye nyuzi. Orodha hizo hazikutungwa kwa ubaya, na anayeziandika ameona watu waliozibwa kweli. Lakini ziliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye, akikatazwa hivyo vyote, bado anabaki na mkate mweupe, mayai, maziwa, kuku, viazi na jibini. Ukiichukua orodha hiyohiyo ukaiweka juu ya meza ya Kasongo, ukaondoa sombe (majani ya muhogo), maharagwe, karanga, mahindi, uyoga na, kwa hofu ya miiba, ndakala (samaki wadogo), kinachobaki ni bugali (ugali wa muhogo) na chumvi. Mtu aliyetoka kukatwa tumbo, mwenye kidonda kinachohitaji nyama mpya, hawezi kupona kwa bugali na chumvi. Ninachokitetea hapa ni hiki: kwa mgonjwa wetu, jina la chakula peke yake si hukumu. Hukumu iko kwenye kinu, kwenye sufuria, kwenye meno na kwenye kiasi. Kabla ya kukataza, tutwange kwanza.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika jambo hili umetolewa na watu wenye ileostomi wenyewe, yaani wale ambao mdomo wao umetoka kwenye utumbo mwembamba. Katika miaka ya 1980, watafiti Hans Englyst na John Cummings wa Cambridge, Uingereza, waliwaomba watu wa namna hiyo wale vyakula vilivyopimwa, kisha wakapima kilichotoka mfukoni. Kwa kuwa choo cha ileostomi hakijapita utumbo mpana, kinaonyesha wazi kile ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukisaga. Kiazi kilichopikwa na kuliwa kikiwa moto kilitoka na asilimia 3 tu ya wanga wake bila kusagwa. Kiazi kilekile kilipoachwa kikapoa, kiasi hicho kilipanda hadi asilimia 12, na kilipopashwa moto tena kikashuka hadi 8. Ndizi nayo ilitofautiana kadiri ilivyoiva: iliyokuwa bado changa ilipita na sehemu kubwa ya wanga wake, iliyoiva ilisagwa vizuri. Fikiria maana yake. Chakula kimoja, shamba moja, jina moja, na bado utumbo unakipokea kwa namna mbili au tatu kufuatana na mkono wa mpishi. Orodha inayosema "ndizi ruhusa" au "ndizi marufuku" haijasema lolote la maana mpaka iseme ndizi gani na imepikwaje.

Kabla ya kuingia jikoni, tofauti moja isisahaulike. Mwenye kolostomi, ambaye mdomo wake uko kwenye utumbo mpana, bado ana kiungo cha kunyonya maji, na baada ya majuma ya mwanzo anaweza kula karibu kila kitu ambacho familia inakula. Shida yake kubwa ni choo kigumu, gesi na harufu. Mwenye ileostomi ndiye mwenye njia nyembamba na choo cha majimaji, na sehemu kubwa ya ninayoyasema kuhusu kuziba inamhusu yeye. Kwa wote wawili, majuma sita hadi manane baada ya upasuaji utumbo bado umevimba, kwa hiyo wakati huo ni wa wali laini, uji, samaki asiye na miiba, yai na ndizi iliyoiva. Baada ya hapo kila chakula kirudishwe kimojakimoja, kwa kiasi kidogo, ili kikileta taabu kijulikane ni kipi.

Sasa sombe. Mzungu akisoma kwamba ni majani ya mti wenye nyuzi, ataikataza bila kufikiri. Lakini hajaona inavyoandaliwa. Majani machanga huchumwa, vikonyo hutupwa, yakatwangwa kinuni mpaka yakawa kama unga mbichi, kisha yakachemshwa kwa muda mrefu na kutiwa mawese. Kazi ambayo meno yangeifanya nusunusu, kinu kimeifanya yote. Hatari ya sombe iko kwa anayefanya haraka: anayechanganya majani mazee, anayeacha vikonyo, anayetwanga kidogo. Lengalenga (mchicha) nayo ina hatari zaidi kuliko sombe iliyotwangwa vizuri, kwa sababu wengi huikata vipande virefu na kuipika dakika chache, kumbe ingekatwa ndogo sana na shina likaachwa pembeni. Karanga za kukaanga zinazotafunwa njiani ni tatizo la kweli, lakini karanga zilizotwangwa zikawa laini na kuingizwa kwenye mchuzi ni mafuta na protini, na husaidia kukifanya choo kiwe kizito. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, yapikwe mpaka yapondeke, maganda yachujwe. Ndakala wakavu watwangwe wawe unga, pamoja na vichwa na miiba yao. Kwa miwa na nanasi mtu afyonze maji na kutema makapi. Viwili tu ningevikataza kwa mwenye ileostomi bila kujadiliana: mahindi ya kuchoma, ambayo punje zake hutoka kama zilivyoingia, na uyoga mzima wa masika, ambao utumbo hauwezi kuusaga hata ukipikwa siku nzima. Anayeutaka uyoga kwa ladha yake anywe mchuzi wake.

Muhogo unastahili neno la peke yake, maana ndio tumbo la Maniema. Bugali laini, moto, linafunga choo na linafaa, kama vile wali ulioletwa huku na misafara ya waungwana wa pwani katika karne ya 19. Lakini muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na ukilowekwa siku moja badala ya tatu sumu hiyo haitoki yote. Mwili huivunja kwa msaada wa protini, hasa ile ya samaki, nyama, mayai na kunde. Nchi yetu inaujua ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona, ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 huko Kwango. Konzo huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, siku baada ya siku, bila kitoweo. Basi tazama mgonjwa wetu anapofuata katazo kwa uaminifu: ameacha maharagwe, ameacha karanga, ameacha ndakala, amebaki na bugali. Kwa kukimbia hatari ndogo ya kuziba, amejisogeza kwenye lishe ileile inayoleta konzo.

Kuna pingamizi ninalolichukua kwa uzito kuliko yote, na linatoka kwa wagonjwa wenyewe. Wanasema: mifuko haipatikani, nikipata mmoja naufua na kuutumia tena, wakati mwingine nafunga kitambaa, kwa hiyo nikila kidogo natoa kidogo. Aibu iliyo nyuma ya maneno hayo naielewa, na hesabu yao inaonekana ya kweli. Lakini utumbo hautoi chakula tu, unatoa pia maji yake wenyewe. Kwa kawaida utumbo mwembamba huukabidhi utumbo mpana karibu lita moja na nusu kila siku, na kwa mwenye ileostomi maji hayo na chumvi yake hutoka nje, ale asile. Anayefunga chakula hupoteza nguvu, na bado kitambaa kinalowa. Kinachosaidia ni kupanga saa: mlo mkubwa uwe mchana, mlo wa jioni uwe mdogo na mapema, chakula kiwe kizito kama wali, bugali na ndizi, na samaki na vitunguu, kwa ajili ya harufu, viliwe siku ambayo mtu hatoki.

Kuhusu kinywaji, wengi hukosea kwa njia mbili. Wengine huacha kunywa. Wengine, choo kikizidi, hunywa maji matupu kwa wingi, nayo huivuta chumvi ya mwili kuingia utumboni kisha hutoka nayo, na kiu inabaki palepale. Dawa ni maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kuchemsha ni lazima katika eneo ambalo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Na kwa kuwa Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi, niseme wazi: mwenye ileostomi anayefunga mchana kutwa katika joto letu anaziweka figo zake hatarini, na sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Azungumze na shehe wake pamoja na daktari wake.

Ataniuliza mtu: nani atatwanga, nani atachuja maganda, wakati mke au dada yuko shambani toka alfajiri? Ni kweli, huo ni mzigo, na mara nyingi unamwangukia mwanamke. Lakini sipendekezi sufuria ya pili. Sombe, mchuzi wa karanga na maharagwe yaliyopondwa ni chakula cha nyumba nzima. Kinachoongezeka ni dakika chache za kinu, na mwanamume mwenye mikono anaweza kutwanga. Uzito wa mgonjwa nao upimwe kila mwezi kwenye kituo cha afya. Mji wa Kasongo ulijulikana duniani katika miaka ya 1970 na 1980 kwa mradi uliofuatilia afya na uzito wa watoto wadogo, kazi iliyofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp. Mizani iliyotumika kwa mtoto imtumikie na mgonjwa huyu. Aliyekatwa sehemu ndefu ya mwisho wa utumbo mwembamba, mahali tifoide hupenda kutoboa, amwulize daktari kuhusu sindano za vitamini B12, kwa sababu hata ini na samaki havitamfikishia vitamini hiyo.

Kwa familia zote zenye mgonjwa wa namna hii: mdomo usipotoa kitu kwa saa nne hadi sita, tumbo likanyonga na kuvimba, mgonjwa akaanza kutapika, msimpe chakula, msimpe dawa ya kuharisha, wala msimtie bomba la dawa za miti shamba. Mpelekeni hospitali usiku uleule.