Mpanda Ngazi Hushuka, Lakini Asizikwe

Jumatatu moja, kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijalia, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alinikabili mlangoni pa darasa akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mwalimu, timu ikiteremshwa ngazi huwa inakwenda wapi?" Nilimjibu kwa pupa, kama tufanyavyo sisi walimu tunaposikia saa inatukimbia, kwamba huenda kucheza katika ligi iliyo chini yake. Kijana akatikisa kichwa. "Hilo nalijua, Mwalimu. Nauliza inakwenda wapi hasa, kwa sababu nyingine hazionekani tena."

Kijana huyo ni mkazi wa Kawangware, na timu iliyomtia simanzi ni Nairobi City Stars, ambayo iliteremshwa kutoka Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2025. Sikuwa na jibu la kumridhisha siku hiyo. Nimelitafakari swali lake tangu hapo, na makala haya ndiyo majaribio yangu ya kulijibu.

Mtu akishuka matatu nambari 46 katikati ya jiji asubuhi baada ya mechi za wikendi, huwakuta wanaume wamejikunyata mbele ya muuza magazeti, mikono nyuma, wakisoma kurasa za michezo bila ya kununua. Wengi wao hutazama sehemu ya juu ya jedwali, wakitaka kujua nani anaongoza. Wachache hutazama chini, na hao wachache ndio ambao kwa hakika wana la kupoteza. Anayekosa ubingwa hurudi mwaka ujao kuutafuta tena, lakini anayeshika mkia hana hakika kama mwaka ujao atakuwapo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, na mwalimu wa hesabu anaweza kuifundisha kwa chaki na ubao. Ligi Kuu ina timu 18. Kila moja hukutana na zile nyingine 17 mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo basi hucheza mechi 34. Jumla ya mechi za msimu mzima ni 306. Ushindi huleta alama 3, sare alama 1, na kushindwa hakuleti kitu. Msimu ukiisha, timu mbili za mwisho huteremshwa hadi Supa Ligi, na mbili zilizoongoza Supa Ligi hupanda kuchukua nafasi zao. Timu ya tatu kutoka mkiani hucheza mechi za mchujo dhidi ya timu iliyomaliza ya tatu katika Supa Ligi ili ijulikane nani atabaki juu. Chini ya Supa Ligi kuna Daraja la Kwanza na Daraja la Pili, kisha ligi za maeneo na za kaunti. Kwa maneno mengine, vijana wanaotimua vumbi katika uwanja wa Kihumbuini kule Kangemi au kule Waithaka wamesimama kwenye ngazi ile ile wanayoikalia Gor Mahia, ila wao wako vidato vya chini.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa mpango huu. Huko Marekani, ligi kuu za michezo hazina kupanda wala kushuka. Timu inaweza kushika mkia mwaka baada ya mwaka na nafasi yake isiguswe, kwa kuwa iliinunua. Kwetu sisi mlango uko wazi kwa atakayestahili. Sofapaka walipanda daraja wakaingia Ligi Kuu mwaka 2009, na katika msimu huo huo wa kwanza wakaunyakua ubingwa. Mwaka 2025 Nairobi United, wakiwa bado timu ya Supa Ligi, waliwalaza Gor Mahia katika fainali ya kombe la shirikisho, na mwaka huo huo wakapandishwa hadi Ligi Kuu. Asiyeamini kwamba mnyonge anaweza kupanda na autazame ushahidi huo.

Lakini kila ngazi ina pande mbili, na wahenga walinena kwamba mpanda ngazi hushuka. Sina ugomvi na kushuka. Bila ya hofu ya kushuka, mechi za mwisho wa msimu baina ya timu dhaifu zingekuwa mchezo wa kuigiza. Ugomvi wangu ni kwamba hapa kwetu timu inayoshuka mara nyingi huachwa peke yake, hata mtu akadhani inapelekwa makaburini.

Tazama orodha ya mabingwa wetu wa kale. Mwaka 1997 ubingwa ulikwenda kwa Utalii. Mwaka 2001 na tena mwaka 2002 ulitwaliwa na Oserian, timu ya wakulima wa maua wa Naivasha. Leo hii majina hayo hayasikiki tena katika Ligi Kuu. Timu hizo ziliegemea taasisi au kampuni moja, na nyumba yenye nguzo moja huwa mashakani nguzo ile inapoondolewa. Mwaka 2019 tuliyaona ya Sony Sugar, waliotimuliwa katikati ya msimu kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Hawakushushwa na mabao ya wapinzani. Walishushwa na mfuko mtupu.

Vilevile ziko nyakati ambazo ngazi yenyewe imetikiswa na wale waliopaswa kuishikilia. Mwaka 2015 shirikisho la soka na kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi zilizozana kuhusu idadi ya timu, upande mmoja ukitaka 18 na mwingine 16, hadi mzozo ukafika mahakamani. Ndugu msomaji, hebu fikiria hali ya mchezaji ambaye hajui kama nafasi ya 17 itakuwapo au haitakuwapo! Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoufunga msimu kabla ya wakati wake, suala la nani bingwa na nani ashuke lilizua ubishi mpya. Na mwaka 2021 FIFA iliamuru Zoo ya Kericho iondolewe katika Ligi Kuu kwa sababu ya upangaji wa matokeo. Adhabu hiyo ya mwisho ilikuwa ya haki, kwani anayeuza mechi huiba ngazi ya wenzake wote. Hata hivyo, mambo haya yakikusanywa pamoja humfanya kijana aamini kwamba kupanda na kushuka huamuliwa ofisini, si uwanjani. Imani kama hiyo ikishaota mizizi katika moyo wa mwanafunzi, haitaishia kwenye mpira pekee.

Nilipokuwa mwanafunzi, tulifundishwa hesabu na padre mmoja kutoka Ireland, ambaye alikuwa na mazoea ya kutusimulia habari za mpira wa kwao kila alipochoka na aljebra. Si soka hii yetu. Ni mpira wa Kigeliki, ambao timu huwa na wachezaji 15, nao huupiga kwa miguu na kwa mikono pia. Wakati huo tulimsikiliza kwa sababu tu tulitaka kipindi kiishe. Swali la kijana wa Kawangware limenirudisha kwa padre yule, kwa maana Waayalandi nao wana ngazi ya kupanda na kushuka, na ngazi yao ina somo kwetu.

Timu zao kubwa si mali ya kampuni wala ya tajiri. Ni timu za kaunti, neno ambalo sisi Wakenya tunalielewa vyema tangu tuwe na kaunti zetu 47. Ligi yao ina madaraja manne, kila daraja timu 8. Kila timu hucheza mechi 7. Mbili za juu hupanda na mbili za chini hushuka. Wachezaji hawalipwi mshahara. Mwalimu, mkulima au karani huvaa jezi ya kaunti yake mwisho wa wiki, kisha Jumatatu hurudi kazini. Mbali na ligi, yako mashindano makuu ya kiangazi ya kutafuta bingwa wa Ireland nzima, ambayo fainali yake hutazamwa na watu zaidi ya 82,000 katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin.

Sasa sikiliza kisa cha Dublin yenyewe. Kaunti hiyo ilikuwa bingwa wa Ireland kwa miaka sita mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2020. Mwaka 2022 iliteremshwa kutoka Daraja la Kwanza la ligi. Je, ilizikwa? La hasha. Mwaka 2023 ilicheza katika Daraja la Pili, ikapanda tena, na kabla ya mwaka kwisha ikawashinda Kerry na kutawazwa bingwa wa Ireland nzima. Dublin haikuweza kufa kwa sababu haikuwa mali ya mtu anayeweza kuchoka nayo. Ilikuwa mali ya mahali, na mahali hapahami.

Najua yuko atakayeniambia kwamba Ireland si Kenya, na kwamba kijana wa Kawangware hawezi kucheza kwa sifa tupu huku kodi ya nyumba ikimngoja. Hilo ni kweli, wala sipendekezi wachezaji wetu wanyimwe malipo. Lakini mfano wa kunena kwamba timu yenye watu haifi tunao hapa hapa nyumbani. AFC Leopards, mabingwa wa enzi, waliteremshwa mwaka 2006. Wafuasi wao hawakuihama timu. Waliifuata hadi kwenye viwanja vya ligi ya chini, na mwaka 2009 ikarudi Ligi Kuu. Shabana ya Kisii nayo ilishuka mwaka huo huo wa 2006 na haikurejea hadi 2023. Miaka 17! Aliyezaliwa Shabana iliposhuka alikuwa kijana wa sekondari iliporudi. Mtu angedhani mashabiki wamekwisha kusahau, kumbe walikuwa wakingoja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, maadamu mhunzi yu hai.

Turudi basi Kawangware. Nairobi City Stars ilianza ikiitwa World Hope, na kwa jina hilo ilitwaa kombe la taifa mwaka 2005. Ilishuka mwaka 2016. Wakfu mmoja uliichukua na kuijenga upya, na mwaka 2020 ikapandishwa ikiwa inaongoza Supa Ligi. Ikakaa juu miaka mitano, kisha ikashuka tena mwaka 2025. Historia hii inaonyesha kwamba imewahi kuinuka. Inaonyesha pia kwamba iliinuka kwa mkono wa mfadhili. Swali linalobaki ni kama mtaa wenyewe uko tayari kuwa mkono wa pili.

Nionavyo mimi, yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa. Kwanza, kanuni za kupanda na kushuka zichapishwe kabla ya mechi ya kwanza na zisiguswe hadi mechi ya mwisho, kama vile mwalimu asivyobadilisha alama ya kupasi baada ya kusahihisha karatasi. Pili, sehemu ya fedha za udhamini na za televisheni itengwe kwa ajili ya timu mbili zinazoshuka, ili ziweze kuwalipa wachezaji waliokwisha kuandikiana nao mikataba. Uingereza hufanya hivyo. Klabu zinazoshuka hupewa mgao kwa muda unaoweza kufika misimu mitatu. Sisi hatuna mamilioni yao, lakini hata nauli ya kwenda ugenini ingetosha kuwanusuru wengi. Tatu, timu ziwe na wanachama wanaolipa ada, hata kama ni ndogo kiasi gani, katika mitaa zinakotoka. Mwenye hisa ya shilingi mia moja huuliza maswali ambayo mtazamaji wa bure hayaulizi.

Hayo matatu yanawahusu wakubwa. Nanyi wanafunzi, mnalo lenu. Shuleni nako kuna vidato, nafasi na jedwali, na yuko kila muhula anayeshuka kutoka nafasi ya tano hadi ya ishirini. Nimewaona walimu wenzangu, na mimi mwenyewe siwezi kujitoa katika kundi hilo, tukimhesabu mtoto huyo kuwa amekwisha. Tunamhamisha nyuma ya darasa, na macho yetu yanawahamia wanaopanda. Halafu tunashangaa kwa nini harudi juu.

Nilimwita yule kijana baada ya wiki mbili nikampa jibu langu. Nilimwambia kwamba timu ikishuka huenda mahali pale watu wake wanapokubali kuifuata. Wakibaki nyumbani, huenda kaburini. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ninajua siku ya mechi yao ijayo. Sikujua. Niliona haya, nikaahidi kuitafuta na kwenda pamoja naye.